Ufa Uliong'arishwa

Juma lililopita niliwaacha nikiwa chali chini ya bawa la ndege ya baba mkwe wangu, tochi mdomoni, nikitazama mstari mwekundu mwembamba kama unywele. Aliyekosa sehemu hiyo hakukosa cha kufurahisha. Nitaeleza kwa ufupi, kisha tuendelee kuporomoka pamoja.

Nilikuwa mhadhiri wa sayansi ya metali, hadi chuo kilipogundua kwamba kinaweza kuishi vizuri bila mimi. Mke wangu ni rubani. Baba yake ana kampuni ya ndege, na neno "kampuni" hapa limetwishwa mzigo mzito: ndege moja inayoruka, nyingine inayong'olewa vipuri ili hiyo moja iruke, na ofisi yenye zulia. Mzee aliniajiri niwe mkaguzi wake wa usalama. Aliwaambia watu kwamba anamsaidia mkwe. Nami nilishukuru, kwa shukrani ya mtu anayeletewa mwavuli akiwa amekwisha kulowa.

Likaja agizo la mamlaka ya usafiri wa anga. Ndege zote za aina yetu zikaguliwe miguu kabla ya kuruka tena.

Mguu wa ndege hushikizwa kwenye bawa kwa pini nene, na pini hiyo hupita katika tundu la kipande cha chuma ambacho mafundi hukiita sikio. Sikio likikatika wakati wa kutua, mguu hukunjika, bawa hulala chini, na mengine huachiwa watu wa magazeti. Agizo liliandikwa kwa lugha ambayo hata asiyetaka kuelewa angeielewa. Bandua rangi kwa dawa. Pulizia dawa nyekundu, isubiri, ifute. Kisha pulizia unga mweupe. Kama pana ufa, wekundu uliojificha ndani yake utachomoza juu ya unga. Sikio lenye ufa halizibwi, wala halichomelewi. Mguu mzima hubadilishwa.

Nilianza na mguu wa kushoto, na mstari ukachomoza. Wa kulia sikuugusa, kwa kuwa ufa mmoja unatosha kuizuia ndege. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, nikaenda kumwona mwenye mali.

"Ufa," alisema baba mkwe, kama mtu aliyetajiwa jamaa asiyempenda.

"Ndiyo, baba. Sikio la kushoto."

"Unaonekana kwa macho?"

"Kwa dawa, baba. Kwa macho tu hauonekani."

"Basi tuelewane, mwanangu. Kitu hakionekani. Unakimwagia rangi nyekundu, kinaonekana. Hata mimi ukinimwagia rangi nyekundu, watu watasema nimepasuka."

Fundi mkuu, aliyekuwa amesimama pembeni ya zulia ili asilichafue, alicheka hadi akashika kiuno.

Fundi huyu karakana nzima humwita Msasa. Hakuna kitu kilichowahi kupita mikononi mwake kikanusurika kusuguliwa. Birika la ofisi linang'aa. Vitasa vinang'aa. Msasa anaamini, kwa moyo safi kabisa, kwamba kinachong'aa ni kizima. Wapo watu wanaoendesha nchi kwa imani hiyohiyo, kwa hiyo nisimwonee yeye peke yake.

"Miguu mipya tukiiagiza leo, baba, haitachelewa sana."

"Na abiria wangu wakae uwanjani wakingojea miguu." Mzee alizungusha kalamu mezani. "Msasa."

"Naam, mzee."

"Sitaki kuuona mstari huo."

"Hutauona, mzee."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Nilidhani ni huzuni ya mwenye ndege. Kumbe kazi ilikuwa inagawiwa mbele yangu.

*

Jioni mke wangu alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi. Alikuwa analikandamiza kuliko lilivyohitaji.

"Umeizuia ndege yangu," alisema bila kunisalimu.

"Nimeuzuia mguu wake. Sehemu nyingine zote sina ugomvi nazo."

"Usinichekeshe. Nimekasirika."

Nikanyamaza. Ndoa imenifundisha mambo machache, na hilo ni mojawapo.

"Baba anasema tangu utoke chuo unaona nyufa hata kwenye kikombe kipya."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema baba yangu hawezi kunipandisha kwenye ndege mbovu. Mimi ni mwanawe wa kumzaa, bwana wee."

"Chuma hakijui wewe ni mtoto wa nani."

"Lakini baba anajua!"

Basi ndivyo mambo yalivyo. Nimesoma vitabu vizito kuhusu uchovu wa metali, kuhusu jinsi chuma kinavyobeba na kubeba bila kulalamika, kisha siku moja kikakatika kwa mzigo ambao jana kiliubeba. Sikuwahi kukuta ukurasa unaotaja upendo wa baba kuwa kipimo. Familia hii ilikuwa imekivumbua nyumbani, bila maabara.

"Kesho anakuja mtu wa mamlaka," alisema. "Akiipitisha?"

"Atakuwa amekosea."

"Yaani amekosea yeye, amekosea baba, amekosea Msasa. Wewe peke yako ndiye umepatia."

"Mstari niliuona, mke wangu."

Aliisimamisha pasi. Akanitazama, na macho yake hayakuwa na hasira tena. Yalikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Najua kilichokupata chuoni kilikuvunja," alisema polepole. "Lakini usivunje na vyetu ili tufanane."

Nilikwenda kulala nikiwa sina jibu. Mhadhiri asiye na jibu kwa mke wake hulala upande wa ukutani.

*

Asubuhi nilikuta banda la ndege limefagiliwa. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Chini ya bawa walikuwa wamesimama baba mkwe, Msasa, mafundi wote, na mgeni kutoka mamlaka. Mgeni alivaa miwani ya jua. Ndani ya banda. Alikuwa amekuja kukagua ufa mwembamba kuliko unywele, naye aliona vyema kuukagua gizani. Nitamwita Bwana Miwani, kwa kuwa sikumbuki alileta kitu kingine.

Nikainama nitazame sikio la kushoto. Nikajiona mwenyewe.

Sikio lilikuwa linang'aa kama kioo. La kulia pia. Hapakuwa na rangi, hapakuwa na mstari, hapakuwa hata na alama ya unga wangu wa jana. Msasa alisimama kando yake kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha.

"Tulipopima tena asubuhi hii," alisema baba mkwe, "hatukuona kitu. Mwonyeshe, Msasa. Mkwe wangu ni msomi, anapenda kuona."

Msasa akapulizia dawa nyekundu. Tukasubiri. Akaifuta. Akapulizia unga mweupe. Tukasubiri tena, na kila aliyekuwapo alinyoosha shingo.

Unga ulibaki mweupe.

"Safi," alisema Bwana Miwani, akijirekebishia tai mbele ya sikio la ndege.

"Limesuguliwa!" nilisema. Sauti ilinitoka nyembamba, kama ya mwanafunzi aliyeibiwa kalamu. "Hamwezi kusugua halafu mkapima. Chuma kikisuguliwa hutambaa. Uso wake huvutwa ukaufunika mdomo wa ufa, kama utando wa maziwa kwenye sufuria. Ufa uko palepale. Ila dawa haina tena mlango wa kuingilia."

"Profesa," Msasa alisema kwa upole. Cheo hicho chuo kilininyima, karakana ikanipa bure. "Mimi sikuuficha. Nimeutoa. Ulikuwa wa juu juu tu, nikaufuta."

"Ufa haufutwi, fundi. Si doa la chai."

"Sasa uko wapi? Tuonyeshe."

Mafundi wakacheka. Hata mimi, ningekuwa fundi, ningecheka.

Nikamgeukia Bwana Miwani. "Niruhusu nilipake sikio hili tindikali kidogo. Itakula ule uso uliotambaa, mdomo wa ufa utafunguka, tupime upya. Ni kazi ya muda mfupi."

"Agizo linataja tindikali?"

"Halitaji. Lakini halitaji msasa pia. Linasema rangi ibanduliwe kwa dawa."

"Rangi ipo?"

"Haipo."

"Basi imebanduliwa."

"Kwa njia isiyoruhusiwa!"

"Mheshimiwa," alisema, na neno hilo halijawahi kunitukana kiasi hicho, "mimi nakagua matokeo. Mapishi sikagui."

Alipewa kiti. Alipewa chai kutoka kwenye birika linalong'aa. Alisaini.

Ilibaki saini moja, yangu, kwani hakuna ndege inayoondoka bila saini ya mkaguzi wa kampuni. Niliishikilia saini hiyo kama mtu anayeshikilia mlango kwa mgongo. Baba mkwe akaja akaniwekea mkono begani.

"Umechoka, mwanangu. Nimekutwisha mengi. Kuanzia sasa pumzika, mkaguzi atakuwa Msasa."

Basi aliyesugua ndiye angekagua kama kusugua kwake kulifaa. Vyuo vikuu vimehangaika miaka mingi kutafuta mtihani ambao hakuna anayeulalamikia. Baba mkwe aliupata kabla chai haijapoa.

*

Nilimfuata mke wangu hadi ilipoegeshwa ndege. Alikuwa anaizunguka kama marubani wanavyofanya kabla ya safari, akigusa hapa, akiinama pale. Alipofika kwenye mguu wa kushoto alisimama. Akapitisha kidole juu ya sikio.

"Laini," alisema.

"Hilo ndilo tatizo."

"Mtu wa mamlaka amesaini. Msasa amesaini. Wewe unataka mimi nifanye nini? Niseme siruki kwa sababu mume wangu ana wasiwasi?"

"Ndiyo."

"Wataniuliza, wasiwasi ni ugonjwa gani wa ndege."

Abiria walikuwa wameanza kutoka ukumbini, wamejipanga na mizigo yao midogo. Nyuma yao alikuja baba mkwe, kama kawaida yake, kuwaaga wateja kwa kuwashika mikono. Alikuwa amemshika mkono binti yetu. Shule zilikuwa zimefungwa, na kwa siku kadhaa mtoto alikuwa anashinda ofisini kwa babu yake akichora ndege zenye macho na kope.

Nataka mfahamu vizuri hali yangu. Sikuwa tena na saini. Sikuwa na ufa wa kuonyesha. Nilichobaki nacho ni ulimi, na ulimi wangu ulikuwa na hasira. Nilikumbuka jambo ambalo wafanyakazi wote hulisema kwa kunong'ona: mzee huyu, mwenye kampuni ya ndege, husafiri kwa gari. Hata mahali ambapo gari hufika kesho yake.

Nikapaza sauti ili abiria wasikie.

"Baba! Kama ndege hii ni nzima, panda na wewe."

Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kuweka mguu kwenye ngazi aliushusha.

Baba mkwe aliitazama ngazi. Akaitazama tena. Jasho likamtoka juu ya mdomo, naye akatoa leso, akaisahau mkononi. Nakiri kwenu kwamba niliufurahia uso ule. Niliufurahia kuliko nilivyofurahia shahada yangu. Mke wangu naye alikuwa anamtazama baba yake, na niliona jambo linaanza kumwingia, taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu.

Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi niliongeza:

"Au wewe nawe unaona nyufa?"

Mzee alinyooka. Akakunja leso, akairudisha mfukoni.

"Unadhani siviamini vitu vyangu," alisema.

Akainama, akambeba mjukuu wake.

"Mchumba, twende tukayaone mawingu."

"Na baba?" mtoto aliuliza.

"Baba anaogopa. Tutamletea moja."

"Hapana!" Nilikuwa nimeifikia ngazi. "Baba, nisamehe. Nimekosa adabu mbele za watu. Nipe mtoto."

"Ukimshusha mtoto," alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "umewaambia abiria wangu kwamba ndege ni mbovu. Uliyaanza wewe. Mimi namalizia."

Nikamwita mke wangu. Alikuwa amekwisha kupanda, yuko mlangoni, juu.

"Ulitaka apande," alisema. "Amepanda."

"Mtoto hapana!"

"Mtoto ameruka na mimi tangu hajajua kutembea. Ndege ni ileile."

"Mguu si uleule!"

Alisita. Naapa kwamba alisita. Kisha akawatazama abiria waliokuwa wanatutazama, akamtazama baba yake aliyekuwa anamfunga mtoto mkanda, na uso wake ukajifunga. Nilikuwa nimemwaibisha baba yake hadharani. Hata binti anayemtilia baba shaka hawezi kumkubali mwanamume anayemtukana, hasa mwanamume huyo akiwa mumewe.

"Imesainiwa," alisema, akaingia.

Nilikwenda nikasimama mbele ya pua ya ndege. Ilikuwa ndiyo hoja yangu ya mwisho, na haikuwa ya kisomi. Walinzi wawili walikuja wakanishika makwapani.

"Mwalimu, tusaidie. Usitutie matatani."

"Itaanguka!"

"Sawa, mwalimu. Lakini sogea."

Waliniondoa kwa uangalifu kama kochi la mtu mwingine.

Nikiwa nimekalishwa kwenye kivuli cha ukuta, nilipata nafasi ya kuitazama akili yangu ilivyofanya kazi. Usiku mzima nilikuwa nimewadharau kwa kudhani kwamba upendo wa baba ni kipimo cha chuma. Kisha mimi, mwenye vitabu, nikawapa kipimo changu: atakayepanda. Nao wakakipokea, wakakifaulu kwa alama zote, wakamweka na mtoto wangu juu yake. Abiria walipanda wakitabasamu. Hakuna karatasi ya mamlaka iliyowahi kuwatuliza watu kama mtoto yule alivyowatuliza.

Ndege ilipaa vizuri. Kwa nini isipae vizuri? Kupaa hakulidai sikio kama kutua. Deni hilo hulipwa ardhini.

*

Sauti ya ndege ilikuwa haijapotea bado nilipoona viatu vya Msasa mbele yangu. Hata viatu vinang'aa.

"Profesa."

Niliendelea kuvitazama viatu.

"Nilidhani mzee hatapanda."

"Hata mimi."

"Mtoto hakuwamo kwenye hesabu, Profesa. Wallahi mtoto hakuwamo."

Nikainua kichwa. "Wale abiria wengine walikuwamo?"

Alikuwa amelishika koti lake kwa mikono miwili, analisugua kwa kidole gumba.

"Nina jambo," alisema. "Sikio la kushoto niliposugua, mstari ulipotea. Nikajipongeza. Nikasema na la kulia nilisugue, yafanane, maana moja liking'aa na jingine lina rangi, watu watauliza."

"La kulia hata mimi sikulipima."

"Ndiyo. Nikasema basi ngoja kwanza nilijaribu kwa dawa yako, nione. Kulikuwa na mstari, Profesa. Mrefu kuliko wa kushoto. Nikasugua. Nikapaka dawa, ukarudi. Nikasugua tena, ukarudi mrefu zaidi. Kila nikisugua unarudi."

"Ukafanyaje?"

"Nikaugonga kwa nyundo. Pembeni pembeni, taratibu. Mdomo ukafunga. Nikamalizia na msasa."

Niliinuka. Sikumbuki nilivyoinuka.

"Kwa nini hukusema asubuhi? Nilipokuwa nalia mbele yenu kama kichaa?"

"Mzee alisema hataki kuuona." Macho yake yalikuwa mekundu. "Na kweli hakuuona. Unga ulikuwa mweupe. Na mimi nikaanza kuamini. Ulikuwa unang'aa vizuri mno, Profesa."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimpiga. Wasomaji wengi mngefarijika. Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza kukimbia.

*

Chumba cha waongoza ndege kiko juu ya ngazi za chuma. Zamu ilikuwa ya dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, ambaye tangu niajiriwe alikuwa ananiitikia salamu kwa kichwa tu. Nilifika sina pumzi. Msasa alikuwa nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza alizungumza kabla yangu.

"Dada, ile ndege imeharibika miguu. Mimi ndiye niliyeuficha ufa."

Dada hakuuliza swali hata moja. Aliita ndege, akasema maneno machache ya kazi, kisha akanipa kipaza sauti.

"Mke wangu," nilisema.

"Uko mnarani? Umewafanya nini hao watu?" Sauti yake ilikuwa kavu, imezungukwa na ngurumo za injini.

"Msasa yuko hapa. Amekiri. Masikio yote mawili yana ufa. La kulia aliligonga kwa nyundo likafunga."

"Mpe Msasa," alisema.

Msasa alikichukua kipaza sauti kwa mikono miwili. "Ni kweli, mama. Nisamehe, mama."

Alikirudisha kana kwamba kinaunguza.

"Haya," mke wangu alisema, na sasa aliyezungumza alikuwa rubani, si mke, si binti wa mtu. "Huko ninakokwenda hakuna gari la zimamoto. Ninarudi. Nitazunguka kwanza nipunguze mafuta. Dada, niandalie zimamoto na daktari."

"Wanaandaliwa," dada alijibu, mkono wake tayari ukiwa kwenye simu.

"Baba mtoto."

"Nipo."

"Naweza kutua kwa mguu mmoja kwanza, mwingine nikaushusha mwishoni, mwendo ukiwa umepungua. Niambie uzito niutupe upande gani. Upi una nguvu kuliko mwenzake?"

Fikirieni. Muda wote huu nilikuwa nimelilia kuaminiwa. Sasa niliaminiwa, na watu wote waliokuwa angani walikuwa wanasubiri elimu yangu.

"La kushoto niliuona mstari, lakini sikupima kina chake," nilisema. "La kulia sikuliona kabisa. Msasa anasema mstari wake ulikuwa mrefu zaidi. Ufa mrefu unaweza kuwa wa juu juu, na mfupi ukawa umekwenda ndani."

"Sijakuuliza unayodhani. Nimekuuliza unalolijua."

"Silijui."

"Hulijui."

"Kilichokuwa kinaweza kutuambia kimesuguliwa."

Hakunitukana. Ningefarijika kama angenitukana. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akawatangazia abiria kwamba wanarudi kwa sababu za kiufundi, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba vinywaji vitachelewa.

Ndege yetu haina mlango kati ya rubani na kiti cha mbele. Aliyeketi hapo husikia kila neno. Nilijua aliyeketi hapo ni nani, na nilijua yuko na nani.

Redio ikakwaruza. Ikaja sauti nyingine, iliyokisogelea mno kipaza sauti, kama ya mtu asiyezoea kukitumia.

"Mkwe."

"Naam, baba."

Nilisubiri lawama. Nilisubiri amri. Nyuma yake, mbali kidogo, nilimsikia binti yangu akihesabu mawingu kwa sauti, akikosea, akianza upya.

"Mtoto nimkalishe upande gani?"

Dada aliacha kuandika. Msasa akaketi sakafuni. Kwenye kioo cha mnara, ndege ilikuwa imekwisha kugeuka, ndogo, imetulia, inazunguka juu ya mapaa ya watu. Tangu nimwoe binti yake, mzee yule hakuwahi kuniuliza kitu akasubiri jibu. Sasa alikuwa anasubiri.

Nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti.